Chale za Nkwabi

Nkwabi amekufa, na mimi nimekwenda kumzika. Kwetu hata mtu uliyemdharau nusu ya maisha yako unamzika, maana usipokwenda watasema wewe ndiye uliyemroga. Nilikaa kwenye mkeka upande wa wanawake, kanga nimejifunika mpaka kwenye paji la uso, nikasikiliza. Mwanawe wa kwanza, kijana wa suti anayeishi Shinyanga mjini, alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa taa ya utamaduni wetu. Akasema alikuwa mbunifu kabla neno hilo halijafika huku. Akasema zamani watu wa nyoka walicheza peke yao na watu wa jembe peke yao, mpaka baba yake alipowachanja wote chale moja, "akawagawia vipaji bila ubaguzi." Wazee kwa vijana wakaguna kwa kukubali. Kicheko kilinipanda kifuani, nikakigeuza kikohozi. Mama mmoja nisiyemjua akanipigapiga mgongoni, akaninong'oneza, "Pole mayu, mama yangu, jikaze." Nikamshukuru. Ningemwambia nini? Kwamba hiyo taa ya utamaduni ilikuwa na akili ya kuku na mdomo wa redio, na kwamba msimu mmoja niliokaa karibu nayo ulinitosha maisha yangu yote?

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa binti mwenye sauti, na kwa ajili ya sauti hiyo nilichukuliwa nikae kwa Mama Holo, kando ya barabara ya Kahama kwenda Ushirombo, ndiko kundi letu la ngoma lilikokuwa na makao. Vijana wa siku hizi wanaiona ngoma kwenye sherehe za serikali, watu wamepangwa mstari, kila mmoja na fulana ya mfadhili, wanadhani ndiyo hiyo. Siyo hiyo. Kiangazi kikiingia, pamba imeshauzwa na mtama uko ghalani, makundi mawili yalipewa uwanja mmoja, kila moja upande wake, yakaanza kucheza kwa wakati mmoja. Hakukuwa na jaji wala alama. Watu walikuwa huru kukimbilia wanakotaka, na jua likishuka, upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Basi. Kwa hiyo kila kundi lilijaza watu wa namna namna, maana umati ni kama mtoto aliyeachishwa ziwa, hautulii na kitu kimoja. Sisi tulikuwa na watu wa jembe, waliolirusha jembe juu na kulidaka wakicheza. Tulikuwa na watu wa ngongoti, waliotembea juu ya miti mirefu wakitazama mapaa ya watu. Tulikuwa na watu wa nyoka. Na tulikuwa na waimbaji, ambao mimi nilikuwa wa kwanza wao, nasema bila aibu, maana ndivyo ilivyokuwa.

Nyumba ya Mama Holo ilikuwa na vyumba vitatu na kuta ambazo hazikufika kwenye bati, hivyo aliyekohoa chumba cha mbele alipewa pole chumba cha nyuma. Mbele zilikaa ngoma, majembe na ngongoti. Katikati tulilala mimi na Mama Holo pamoja na magunia ya michembe, na mpaka leo nikisikia harufu ya viazi vikavu nakumbuka usingizi wa chumba kile. Nyuma alikaa Mzee Luhende na makapu yake ya nyoka. Luhende alikuwa mkubwa wa watu wa nyoka, mzee mfupi, mkali, asiyependa kuguswa, aliyenuka ugoro, na sikumpenda. Lakini kazi yake aliifanya. Siku ya mchezo, alfajiri, kabla hajanywa hata maji, alimtoa nyoka mmoja mmoja na kumng'atisha kipande cha kaniki, akakivuta, akamng'atisha tena, mpaka sumu ilipokwisha na kaniki ikatoka kavu. Ulikuwa mwiko kwao: nyoka ambaye hukumng'atisha alfajiri, mchana humshiki. Nilimsikia kupitia ukutani akizungumza nao kwa Kisukuma, kwa upole ambao binadamu hatukuwahi kuupata kutoka kwake.

Kila watu walikuwa na miiko yao, na aliyeifahamu yote ni Mama Holo, kwa sababu ndiye aliyepika. Watu wa nyoka hawakula samaki, maana samaki naye ana magamba. Watu wa ngongoti hawakugusa mlenda wala bamia, nadhani sababu yake hata mjinga anaiona. Watu wa jembe hawakula ukoko. Sisi waimbaji karanga za kukaanga tulizikosa msimu mzima, na mimi nazipenda. Jioni Mama Holo alipakua kwa mabakuli tofauti, kila watu na ugali wao na mboga yao, na watu wa nyoka alikuwa akiwatenga kabisa karibu na zizi kwa sababu hakuna aliyetaka kuchovya bakuli moja na mikono ile. Tulitaniana toka bakuli hadi bakuli. "Ninyi warefu, hali ya hewa huko juu ikoje?" Hivyo ndivyo tulivyoishi, kila mtu akimcheka mwenzake na kila mtu akimhitaji.

Shija alikuwa mtu wa jembe. Nilimpenda kabla sijajua jina lake, nilimpendea mkono. Mkono wake wa kulia ulilirusha jembe juu mpaka likawa dogo, akageuka, akapiga goti, akalisahau kabisa, ungedhani anatafuta kitu alichoangusha, halafu mkono ukanyooka wenyewe na mpini ukaingia kiganjani sambamba na pigo la ngoma. Watu walikuwa wakiacha vinywa wazi. Ndio mkono uleule aliolimia, ndio aliokamulia ng'ombe wa shangazi yake, ndio aliojengea nyumba ya tofali mbichi tuliyokuwa tuhamie msimu ukiisha, kwani tulishakubaliana na wazee walishazungumza. Nyoka aliwaogopa vibaya. Nyumba ya Mama Holo aliingia kwa mlango wa mbele tu, na akisikia Luhende anafungua kapu, hata kama alikuwa na tonge mkononi, alitoka nje. Nilimcheka sana kwa hilo. Laiti angebaki na woga wake.

Nkwabi alikuja katikati ya msimu akitokea machimboni upande wa Geita, na koti la ngozi kwenye jua lile. Alikuwa mtoto wa ndugu wa mkubwa wetu wa ngoma aliyekuwa anaumwa miguu, hivyo akapewa kundi alishike kwa muda, kama mtu anavyompa mgeni mtoto ashike akanawe mikono. Yeye hakuwa mtu wa jembe, wala wa nyoka, wala wa ngongoti. Kuimba aliimba kama mlango usiopakwa mafuta. Mtu wa namna hiyo, asiye na kitu cha kwake, ndiye anayekuja na wazo la kugawana. Nilikuwa jikoni nachambua nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, niliposikia sauti yake kule chumba cha nyuma akimweleza Mzee Luhende. Alisema machimboni kuna mganga aliyewachanja chale wachimbaji wote wa shimo moja kwa dawa moja, nyota ya mmoja ikawa ya wote.

"Na dhahabu mlipata?" Luhende akauliza.

"Tulipata kiasi."

"Na yule mwenye nyota mliyemgawana, yuko wapi sasa?"

"Anauza mitumba Kahama."

Luhende alicheka mpaka akapaliwa na ugoro wake. Lakini Nkwabi hakuwa mtu wa kuona haya. Akaendelea kueleza kwamba atachukua kitu kidogo kutoka kwa kila mkubwa wa kazi, achanganye na dawa ya yule mganga, atuchanje sote. Mtu wa jembe atashika nyoka, mtu wa nyoka atapanda ngongoti, na wote wataimba kama Minza. Minza ni mimi. Nikaacha kuchambua.

"Uwezo utaugawa," Luhende akasema. "Na miiko yake?"

"Mzee, hayo ni mambo madogo."

"Ndiyo nakuuliza hayo madogo."

Nilisikia mlango, kisha nikamwona Nkwabi anapita mbele ya jiko akifuta jasho ndani ya lile koti, akaniambia, "Mwangaluka, Minza," na wakati huo ilikuwa jioni, salamu ya asubuhi ina kazi gani?

Alitupata hata hivyo, kwa sababu binadamu ukimwambia utampa bure alichosotea mwenzake hakuulizi swali la pili. Watu wa ngongoti, ambao kuanguka kwao kulikuwa kuvunjika nyonga, walitaka jembe. Watu wa jembe walitaka nyoka. Wanafunzi wa Luhende, waliokuwa wamechanjwa kidogo kidogo tangu utotoni mpaka damu yao ikazoea sumu, walitaka kuimba mbele wapate kutazamwa na wasichana. Nkwabi akaleta chungu chini ya mti wa mnyaa nyuma ya nyumba. Akakwangua kutu ya jembe la Shija. Akachonga vumbi la ngongoti. Kwa Luhende alipata kipande cha kaniki kuukuu, nacho nadhani aliiba. Kwangu akataka mate. Nilitema, nikatema kwa moyo wangu wote, nikalenga karibu na vidole vyake. Akanishukuru, "Wabeja sana," akakoroga. Kisha tukapanga mstari, akatuchanja kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mistari mitatu, akapaka unga mweusi, na kwa kila mmoja akasema, "Cha mwenzako chako." Mimi pia nilichanjwa. Ningekataa ningeambiwa naona wivu wa sauti, na kweli nilikuwa naona wivu.

Basi wiki zile nilicheka kwa hasira kila siku. Mazoezi yaligeuka soko. Watu wa jembe walipanda ngongoti wakashika kila mti na kila paa la kijiji, wakaporomoka na nyasi za watu. Mtu mmoja wa ngongoti alirusha jembe, likarudi kwenye banda la kuku la Mama Holo. Na nyimbo! Nilipoanza wimbo, kundi zima lilianza nami, kila mmoja anaongoza, hakuna anayeitikia, maana nani atakubali kuitikia wakati amechanjwa chale za kuongoza? Ngoma isiyo na waitikiaji ni kelele. Nkwabi alisimama katikati na koti lake akitikisa kichwa kwa furaha. "Mnaona? Wote wanaweza yote." Kweli, wote waliweza yote, vibaya. Watu wa pwani husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi hatukuwa na chombo, tulikuwa na makapu ya nyoka.

Yale madogo ya Luhende yaliibuka kwenye chakula. Jioni ya kwanza baada ya chale, Mama Holo alitoka jikoni na mwiko wa kusongea mkononi akasimama mbele yetu. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, asiyependa maneno mengi. "Nauliza," akasema. "Kama sasa wote mmekuwa wote, samaki ni mwiko kwenu wote. Mlenda ni mwiko. Ukoko mwiko, karanga mwiko. Nina sangara na mlenda. Niwachemshie mawe?" Watu wakacheka. Wakamtazama Nkwabi. Nami namkumbuka alivyokuwa, amekaa kwenye kigoda ambacho si chake, akila michembe yetu kabla ya chakula. Hakufikiri hata kwa muda wa kumeza. "Uwezo tumegawana," akasema. "Miiko kila mtu abaki na yake aliyozaliwa nayo." Watu wakapiga makofi kwa sababu walikuwa na njaa. Luhende aliinuka, akabeba bakuli lake, akaenda kula karibu na zizi peke yake. Wanafunzi wake hawakumfuata. Walikuwa wameketi na sisi, kwenye bakuli la pamoja, na sangara akaisha kabla mikono yote haijafika.

Yakapangwa mashindano makubwa ya kufunga msimu, sisi na kundi la kutoka upande wa Ushirombo. Baba Salim, Mhindi mwenye duka la vitambaa pale njia panda, alitoa dume la ng'ombe kwa mshindi, akafunga duka aje kutazama, na vijana wa machimboni wakaja kwa malori, na miwani myeusi na fedha za kurushia wachezaji. Asubuhi ile, wakati nawapa watu uji, niliwasikia vijana wa jembe wakinong'ona na kuchekelea. Walikuwa wamemkamata kifutu, nyoka wa sumu kali, walipokuwa wakifyeka uwanja, mnene, amelala tu, wakamtia kwenye kapu jipya. Mmoja akasema huyu ni wao wenyewe, hawahitaji kuomba nyoka wa mzee. Nikawauliza, "Mmemng'atisha kaniki?" Yule kijana akanitazama kama niliyemuuliza kama ameoga. "Dada Minza, huo si mwiko wa watu wa nyoka? Tuliambiwa miiko haitugusi."

Nilimwendea Shija. Alikuwa anajipaka chaki usoni, anapendeza, nilitaka kumpiga. Nilimwambia asiliguse kapu jipya. Akanionyesha kifundo chake, ile mistari mitatu imeshapona na kung'aa, akasema, "Minza, tangu nichanjwe siogopi tena. Jana nimelala chumba cha nyuma." Alisema kwa fahari, kama mtoto aliyevuka mto. Nilimwendea Nkwabi. Nilimweleza mbele ya watu, kwa sauti, kwamba kuna nyoka ambaye hajang'atishwa. Akanishika begani. "Wewe ni wa kuimba, imba," akasema. Nikamkumbusha kwamba kwa chale zake mimi sasa ni wa nyoka pia. Akacheka, akawaambia waliokuwa karibu, "Mnaona, dawa inamfanya kazi, anaongea kama Luhende." Na Luhende mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa ng'ambo ya uwanja, mzee yule, amepewa jembe, anangoja zamu yake ya kulirusha. Alikuwa amelishika kama mtu aliyeombwa kushika mtoto wa mgeni.

Tulianza vibaya tukaendelea vibaya. Wenzetu walikuwa kundi la kawaida, watu wa jembe wakirusha majembe, waimbaji wakiimba na wengine wakiitikia, na umati ukawa kwao. Upande wetu walibaki watoto na walevi. Nilimwona Nkwabi anatoa jasho. Akapiga kelele, "Nyoka! Toeni nyoka, watu wa jembe!" Ndipo niliacha kuimba. Katikati ya ubeti nilinyamaza, nikakimbia kukatiza uwanja kumfuata Luhende, kanga ikanianguka, nikaiacha. Nilipomfikia nilisema neno moja tu, "Kifutu," naye akatupa jembe lile bila hata kutazama linaangukia wapi. Tuligeuka pamoja. Shija alikuwa ameshafungua kapu. Alimshika nyoka vibaya, nyuma sana ya kichwa, kama mtu anavyoshika mpini, kwa sababu mkono wake ulijua mpini. Alimrusha juu. Wallahi, alimrusha juu kama jembe, akageuka, akapiga goti, na mkono ukanyooka kumdaka.

Sikumsikia akilia. Nilisikia umati. Upande wa pili wote uliona, na wote wakaja mbio, wanawake na watoto mgongoni, vijana wa machimboni na miwani yao, hata wapiga ngoma wa wenzetu waliziacha ngoma zao wakaja kutazama mtu aliyeumwa. Uwanja wa wenzetu ukabaki na vumbi na mbwa. Na Nkwabi, namtaja kwa jina ijapokuwa amezikwa juzi, Nkwabi alirukia kreti la soda akapaza sauti, "Mnaona! Kaumwa na bado anacheza! Pigeni ngoma!" Wakapiga. Na Shija akacheza. Aliamini. Alikuwa akinitafuta kwa macho katikati ya watu huku akitabasamu, mkono umeanza kuvimba, akitaka nimwone kwamba haogopi. Luhende alikuwa akisukuma watu kwa viwiko na kutukana kwa Kisukuma matusi ambayo sijayasikia tena. Jua likawa linashuka, na Baba Salim, mwenye dume lakini mgeni wa mambo hayo, alitazama umati ulipo, akafanya kama alivyoelekezwa: akanyoosha kidole kwetu. Tumeshinda. Watu walipokuwa wakishangilia dume, Shija alikaa chini taratibu, akasema anasikia baridi.

Luhende alimfunga mkono, akamnywesha dawa yake, kisha akamwambia Baba Salim, akimshika kola ya shati, "Gari." Baba Salim hakubishana. Alituendesha mwenyewe kwa pikapu yake mpaka hospitali Ushirombo, na Luhende nyuma pamoja nasi, amempakata Shija, yule mzee asiyependa kuguswa. Walimwokoa. Nyama ya mkono ilikuwa imeshaanza kuoza, wakaukata chini kidogo ya kiwiko. Alipozinduka hakuuliza mkono. Aliuliza, "Jembe langu kalichukua nani?" Nilimwambia lipo kwa Mama Holo. Akageukia ukutani. Nililia palepale mbele ya wagonjwa wengine, wala sikujifunika.

Nkwabi alikuja kututembelea. Alileta paja la lile dume, limefungwa kwenye majani ya mgomba, akasema ndio mgawo wa Shija, tena mgawo mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyewavuta watu. Akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa wa jirani bila kukaribishwa. Akasema amelichunguza jambo hili na ameona tatizo halikuwa dawa. Dawa ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba Shija alikula samaki, na watu wa nyoka hawali samaki. Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu aliyeifuta miiko kwa mdomo wake kwa sababu ya njaa, leo anaitoa mfukoni kumhukumu nayo mgonjwa! Kuna ujinga ambao ukiujibu unauheshimu. Niliipokea nyama, nikaigawa kwa ndugu wa wagonjwa waliokuwa wakipika nje, maana nyama haina kosa, kisha nikamwonyesha mlango.

Luhende hakurudi kwetu. Alibeba makapu yake akahamia kwa kundi la Ushirombo, kule tulikowashinda, na nasikia wanafunzi wake wapo huko mpaka leo, wanakula karibu na zizi. Nkwabi alibaki na kundi, na hadithi ya siku ile. Kila mwaka ilinenepa. Nyoka akawa wawili, umati ukafika barabarani, mtu aliyeumwa akapona siku hiyohiyo. Watu wakamwamini, kwa kuwa ni tamu kuamini kwamba mistari mitatu na unga mweusi vinakupa kile ambacho mwenzako amekikalia miaka. Mimi na Shija tuliingia kwenye ile nyumba ya tofali mbichi. Alijifunza kulima akibana mpini kwapani, analima hivyo hadi leo, mistari imenyooka. Hajarusha jembe tena, wala hajawahi kumsema Nkwabi vibaya. Mimi ndiye ninayesema, ninasema kwa niaba ya nyumba nzima.

Nirudi msibani. Wakati wali unapakuliwa, yule mtoto wa suti alishika tena kipaza sauti. Akasema kabla hatujala angependa tumuenzi mzee. Akawaomba wazee wote waliochanjwa na marehemu mwaka ule wa ushindi wasimame, wanyooshe mikono ya kulia, vijana waone chale kwa macho yao. Wakasimama. Wamezeeka, mmoja anachechemea tangu zile siku za kupanda ngongoti zisizo zake. Wakakunja mikono ya mashati, wakanyoosha, vijana wakapiga picha kwa simu. Mimi mkono wangu niliuacha ndani ya kanga. Shija alikuwa amekaa mwisho wa benchi la wanaume, hakusimama. Kijana akamwona. "Mzee Shija," akasema kwa heshima zote, maana hadithi aliyolelewa nayo ni ile nene, na mkono wa shati umefungwa fundo vizuri, ungedhani mzee anasikia baridi. "Na wewe ulichanjwa, baba alikutaja sana. Tuonyeshe na wewe."

Shija akasimama. Alifungua fundo la mkono wa shati kwa meno na mkono wa kushoto, polepole, kama anavyofungua kila kitu, akaukunja mkunjo mmoja, na mwingine, mpaka kiwiko. Akaunyoosha juu pamoja na wenzake. Zile simu zikashuka.

"Zangu zilitangulia," akasema. "Mwambieni baba yenu, akifika huko, azitafute."

Akakaa. Nikainuka kwenye mkeka, nikachukua sahani, nikamkatia nyama vipande vidogo kama ninavyomkatia kila siku, nikavuka upande wa wanaume nikampelekea.